Injini Kwenye Kiganja cha Mdogo Wangu

Haya sikuyatoa kwenye simu ya mtu wala hakuna aliyenisimulia. Yalinikuta mimi, nyumbani kwangu, karibu na Nyakahanga, huku Karagwe, saa tisa mchana, nikiwa sijaonja hata tone la pombe ya rubisi. Nisikilize mpaka mwisho, halafu uamue kama mimi ni mwongo.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Nina kibanda nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, na humo nina mashine ya kukereza niliyoifufua kwa mikono yangu. Kazi za watu ni bushi za pikipiki na shafti za mashine za kusaga. Lakini ugonjwa wangu ni injini ndogo, zile za kuenea kiganjani. Hazisagi, hazivuti maji, hazina faida yoyote. Mke wangu alishachoka kuuliza ni za nini. Mdogo wangu Evodi, aliyekuwa akichimba madini ya bati kule Kyerwa, aliziita midoli ya mzee.

Sasa ielewe injini yenyewe, maana bila hiyo kisa hutakielewa. Niliyokuwa nikiimalizia siku hiyo haitumii mafuta. Ina sahani mbili za alumini zenye hewa katikati, na juu yake pistoni na gurudumu. Ukiiweka juu ya kikombe cha chai ya moto, gurudumu linazunguka kwenda kulia. Ukiiweka juu ya barafu, linazunguka kwenda kushoto. Na kama wewe ni fundi kweli, ukaisugua pistoni mpaka isikwame popote, itazunguka hata kwa joto la kiganja tu. Nilihangaikia hilo miezi minne. Siku hiyo mvua inanyesha, nikaiweka kiganjani, ikazunguka. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kuinua macho, Evodi yuko mlangoni.

Hakunipa shikamoo. Alikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye nywele. Ningeshangaa nini? Mchimbaji ana udongo, na tangu Pasaka tulikuwa hatuelewani. Alitaka niache midoli nikachimbe naye, nami nilimjibu vibaya. Nikamsogezea kigoda na kahawa ya kutafuna. Alikaa, lakini kahawa hakuigusa.

"Kaka, acha hicho," akasema. "Twende. Shimo la zamani, la upande wa mtoni. Njoo na watu."

Nikaona ni yale yale. "Evodi, leo usinianze," nikamwambia. "Shika kwanza hii uone."

Nikamwekea injini kiganjani. Ikazunguka vizuri, kwenda kulia, polepole. Basi nikaanza kumweleza: hivi ndivyo nilivyokata, hivi ndivyo nilivyosugua. Nilijisifu nusu saa nzima, macho yangu yakiwa kwenye gurudumu. Mara mbili alinikatiza, "Kaka, twende." Mara ya pili sauti yake ilikuwa ndogo. Gurudumu likapunguza mwendo, likasimama. Nikainama karibu, nikidhani pistoni imekwama. Halafu likaanza tena kuzunguka, sasa kwenda kushoto.

Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Kwamba mkono wa ndugu yako ni baridi kuliko hewa ya siku ya mvua? Mimi nilifikiri nimekosea kipimo. Niliichukua injini bila kumtazama usoni, nikageukia meza, nikaanza kufungua skrubu. "Dakika kumi tu," nikamwambia.

Nilipogeuka, kigoda kilikuwa kitupu. Mke wangu alikuwa barazani akimenya ndizi, na njia ya kufika kibandani ni hiyo hiyo moja. Hakuona mtu akiingia wala kutoka. Hata hapo sikuogopa, nilikasirika tu kwamba ameondoka bila kuaga. Niliikagua injini yote. Haikuwa na kosa.

Saa kumi na moja simu ikalia. Alikuwa mwenzake wa machimboni. Mvua imeporomosha mashimo mawili tangu asubuhi, Evodi amefukiwa, wamechimba kutwa hawajamwona. Nikauliza wanachimba lipi. Akasema lile jipya, ndilo alilokuwa akifanyia kazi.

"Siyo hilo!" nikapiga kelele. "La zamani, la upande wa mtoni!"

Nilifika kwa bodaboda wakati wanamtoa huko huko nilikowaambia. Alikuwa amejikunja mahali palipobaki hewa kidogo, na kucha zake zilikuwa zimeisha kwa kukwangua udongo. Mzee mmoja wa pale, ambaye amewatoa wengi chini, alimshika shingo na mikono akasema huyu hakufa asubuhi. Alikuwa hai mpaka mchana, pengine saa tisa au kumi.

Umenielewa? Alipokaa kwenye kigoda changu alikuwa bado hai. Alikufa huku mimi namtazama, na nilichokuwa nakitazama ni gurudumu. Simu ilikuwa pale mezani, karibu na bisibisi. Ningepiga, huenda wasingemuwahi. Huenda. Hilo neno silali kwa sababu yake.

Kwenye matanga watu wakaanza kuulizana nilijuaje shimo, nami niko Karagwe. Sasa wanasema nilimtoa mdogo wangu kafara ili injini yangu izunguke. Watoto wake, walioniita baba mkubwa, wakiniona njiani wanavuka upande wa pili.

Mama yao, Adventina, alikuja mara moja tu. Hakuketi. "Shemeji, kama ulijua alipo, kwa nini hukwenda?" Nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Alisikiliza bila kulia. Mwisho akasema, "Alikosea mlango. Mimi ningekwenda."

Kwa hiyo nakuonya. Mtu wako akikujia saa usiyomtarajia, weka kazi chini umtazame usoni. Mguse kwa mkono wako mwenyewe. Akikuomba uondoke naye usimwambie asubiri, hata ukiona ni ugomvi wenu wa kila siku. Mimi nilimwomba Evodi dakika kumi, na mpaka leo hajaja kuniomba tena, ingawa kila mchana mlango nauacha wazi.