Matembezi ya Wazee Ndani ya Ua wa Miiba

Nilipelekwa Bura nikiwa mhudumu kijana wa zahanati, miaka ile ya vita ambavyo serikali iliviita vya mashifta, yaani majambazi. Wenyeji hawakuvitaja kwa jina lolote mbele yangu. Wafugaji walikuwa wamekusanywa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa ua wa miiba. Ngamia wao walikuwa wamechukuliwa, au wameuawa, au wamefichwa. Kila niliyemuuliza alinipa jibu lake. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wazee maskini kutunza afya: chemsheni maji, kunyweni maziwa, tembeeni kila asubuhi.

"Maziwa ya nani?" akaniuliza bibi mmoja. Alikuwa ameuza maziwa sokoni Garissa miaka mingi, ndiko alikojifunza Kiswahili, ingawa "p" aliitamka "b" kama Wasomali wengi. Kila mtu alimwita ayeeyo, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo.

Nikayaruka maziwa nikaenda kwenye miguu, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imevimba. Mtu aliyefuata ngamia tangu utotoni sasa alishinda amekaa mlangoni pa kibanda.

"Ayeeyo, miguu isiyotembea hudhoofika."

"Askari amesema tukitoka tutabigwa risasi. Wewe unasema tutembee. Nyinyi si serikali moja?"

Nikamwambia watembee humo humo ndani ya ua. Nilisema tu ili nisiondoke bila neno.

Kesho yake alitembea kweli, wazee wenzake nyuma yake, mstari mrefu ukiufuata ua, wakimtaja Mungu kwa sauti moja. Askari wakakimbilia bunduki. Nikaitwa mbele ya ofisa wao.

"Unawafundisha kwata?"

"Hapana, afande. Ni afya."

"Afya gani ya kupiga kelele?"

Wazee walikuwa wamekalishwa juani, fimbo zao zimerundikwa kando kama silaha zilizotekwa. Sikujua niwatetee kama daktari wao, na daktari sikuwa, au niombe radhi kama mtumishi wa serikali. Nikajaribu yote mawili, maneno yakagongana mdomoni. Ndipo ayeeyo aliposimama bila ruhusa. Akainua nguo kidogo, akabonyeza mguu kwa kidole. Kishimo kikabaki kwenye ngozi.

"Mguu huu utabigana na nani?"

Ofisa alikitazama kile kishimo mpaka kikajaa. Akaamuru warudishiwe fimbo. Watembee asubuhi, alisema, lakini kimya, na askari awe nao.

Wakawa wanatembea hivyo. Sikuelewa yule askari alikuwa akiwalinda wao au akiwalinda wengine dhidi yao. Leo ungemwona amemshika mkono mzee asiyeona vizuri, bunduki ikining'inia begani. Kesho anamfokea mzee yule yule kwa kuchelewa. Uvimbe wa ayeeyo ulipungua, ukarudi, ukapungua tena.

Nilipohamishwa, ayeeyo alinijia penye lori. Akaniwekea mkono kichwani, akasema maneno mengi kwa Kisomali, amefumba macho. Tulipoondoka nilimwuliza dereva, Msomali wa Garissa, kama ile ilikuwa dua.

"Kiasi," akasema.

"Na kiasi kingine?"

Akabadilisha gia. "Hayo alikuwa anamwambia Mungu, ndugu yangu. Si wewe."

Njia nzima sikujua kama nilibarikiwa au nilishtakiwa.