Kare-kare ya Gonya Yapanda Ngazi za Lingayen

Gorgonia wa Guagua, ambaye watu wote walimwita Gonya, alikuwa hajaazima hata punje ya chumvi kwa jirani tangu azaliwe. Hilo alilisema mwenyewe, tena mara nyingi, na hakuna aliyembishia maana lilikuwa kweli tupu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na mmoja, akaacha shule darasa la nne ili awapikie wavunaji wa mpunga, wanaume ishirini na mbili, na tangu siku ile hakuketi tena jikoni. Alisimama. Alisaga karanga na mchele wa kukaangwa kwa jiwe la mkono, akachuna utumbo wa ng'ombe hadi ukawa mweupe kama shuka, na alipofika miaka ishirini, Guagua ilikuwa haiozeshi, haibatizi wala haiziki bila yeye kuwa mbele ya jiko.

Mumewe Ponso alikuwa seremala, mtu mpole, mlaji mzuri. Homa ilimchukua Ponso, mtoto wao Melecio akiwa na miaka tisa. Siku ya matanga majirani walikuja na masufuria yao wakitaka kumpumzisha mjane, lakini Gonya aliwashukuru akawatoa jikoni mmoja mmoja, akapika mwenyewe huku machozi yanamtiririka. Hakumwona mtu mwingine wa kumpikia Ponso chakula cha kumuaga vizuri.

Sasa katika nyumba ya namna hiyo, mwana akiwa na miaka thelathini na mitatu na hajaoa, watu wanasema. Walisema hakuna msichana atakayekubali kuingia jiko lile kuwa muosha vyombo maisha yake yote. Gonya alisikia, akaendelea kusaga karanga zake.

Melecio alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Mwaka 1970, baada ya mvua, aliitwa Lingayen, kule kaskazini pwani, kwa mzee mmoja aliyeitwa Crispulo. Kazi ilikuwa ya nusu siku. Yeye alikaa siku tatu, akarudi na samaki wa chumvi na ukimya ambao mama yake hakuwahi kuuona kwake. Mwezi uliofuata mashine ile ile iliharibika tena. Na mwezi uliofuata tena. Dada yake Gonya, aliyeitwa Ising, akasema mashine gani hiyo yenye nywele ndefu, na Melecio akakiri. Jina lake lilikuwa Perlita, binti wa Crispulo, mwalimu wa shule ya msingi.

Crispulo hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa mama yake, Bibi Severa, aliyemlea Perlita tangu mama wa mtoto alipokufa. Bibi huyu alikuwa mtengenezaji wa uduvi wa chumvi, ule tunaouita bagoong, unaovundikwa kwenye mitungi mpaka unakuwa na rangi ya waridi na harufu ya kumwamsha mgonjwa. Nusu ya meza za Lingayen zilikula uduvi wake. Naye alikuwa ametangaza waziwazi kwamba mjukuu wake haendi Pampanga, mkoa wa akina Gonya. Kwanza, alisema, wanawake wa Pampanga wanatia sukari katika kila kitu, hata machozi yao ni matamu. Pili, amesikia habari za huyo Gonya asiyemruhusu mtu kugusa mwiko wake. Perlita hakulelewa ili akasimame mlangoni mwa jiko la mwingine kama paka.

Maneno hayo yalifika Guagua kama yalivyo, maana maneno ya aina hiyo hayapungui njiani. Gonya alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akasema, vizuri, tutapanda ngazi zao, na bibi huyo atakula, halafu tutaona.

Kupanda ngazi ndiyo desturi yetu ya kuposa. Upande wa mwanamume unakwenda nyumbani kwa mwanamke na chakula chote, na mwenye haya zake hachukui chakula tu: anabeba sahani, anabeba kuni, anabeba hata maji, ili upande wa pili usiwashe hata kiberiti. Neno la ndoa halisemwi mpaka wakubwa wa nyumba wamekula. Wakila kidogo wakaweka kijiko chini, unakunja mkeka wako unarudi ulikotoka.

Gonya alipika siku mbili. Alipika tambi, nguruwe wa siki na vitunguu saumu, wali wa kunata kwa tui, na flani, ile keki laini ya maziwa, za mayai kumi na mawili kila moja. Lakini aliyekuwa mfalme wa safari ni kare-kare: mkia wa ng'ombe na utumbo, ua la mgomba, mbilingani na kunde mbichi ndefu, ndani ya mchuzi wa karanga uliotiwa rangi ya zingefuri. Kare-kare haitiwi chumvi. Chumvi yake ni uduvi, uliokaangwa na vitunguu saumu na nyanya, unaokaa pembeni kwenye kibakuli, kila mtu akachovya kadiri ya ulimi wake. Bila uduvi, kare-kare ni uji wa karanga wenye nyama.

Uduvi ule Gonya aliukaanga alfajiri ya siku ya safari, akauweka dirishani kwenye chungu kidogo upoe, maana ukifunikwa wa moto unatoa jasho na kuharibika. Gari la kukodi lilipofika, alisimama mlangoni akahesabu masufuria kwa kidole. Yalikuwa tisa, na yote tisa yakapanda. Ila chungu si sufuria, kwa hiyo hakikuwamo katika hesabu.

Walifika Lingayen kabla ya saa sita. Nyumba ya Crispulo ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo, na kileleni mwa ngazi alikuwa amekaa Bibi Severa, mwembamba kama kijiti, anavuta sigara upande wa moto ukiwa ndani ya mdomo kama wanavyovuta mabibi wa kule. Aliwatazama wakipandisha kuni. Aliwatazama wakipandisha madumu ya maji. Akamuuliza mwanawe kwa sauti ya kusikika kama wageni hawa wamehamia.

Majani ya migomba yalitandikwa mezani, vyakula vikafunuliwa, na harufu ikafanya kazi yake. Hata Crispulo alianza kumeza mate. Gonya akaingiza mkono kwenye kikapu cha mwisho kutafuta chungu. Akaingiza tena. Akatoa vitambaa vyote.

"Ising, uduvi uko wapi?"

"Si umeubeba wewe, dada? Mimi nimebeba flani."

Wakatazamana. Ising alikuwa mwepesi wa mawazo, akamvuta dada yake mpaka nyuma ya nyumba, penye rundo la kuni, na kuanza kumpangia. Watie chumvi kwenye sufuria, nani atajua? Gonya akamtazama kama aliyetukanwa. Basi Melecio akimbie sokoni akanunue uduvi, waukaange haraka kwa kuni zao wenyewe, waseme umetoka Guagua. Hilo Gonya alilifikiria, kusema ukweli wa Mungu. Mkono wake ulikuwa umeshashika pochi. Halafu akauliza, uduvi wa sokoni hapa Lingayen anautengeneza nani. Ising akaelekeza kidole juu, kwa Bibi Severa.

Gonya alikaa juu ya kuni. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na kichwani alimwona mwanawe akirudi nyumbani na ule ukimya wake, safari hii usiokwisha. Upande mmoja kulikuwa na Melecio, upande wa pili jina ambalo Gonya alikuwa amelijenga kwa miaka arobaini na saba ya kusimama. Alikaa muda wa mtu kumenya kitunguu. Kisha akanyanyuka, akakung'uta sketi, akapanda ngazi.

"Bibi Severa," alisema, "naomba uduvi."

Bibi akatoa sigara mdomoni. "Uduvi wa nini?"

"Wa kare-kare. Wangu nimeusahau dirishani, Guagua."

Melecio, aliyekuwa amesimama kando na dumu la maji, aliliweka chini taratibu.

"Umebeba kuni," alisema Bibi Severa. "Umebeba maji, kana kwamba hapa tunakunywa ya baharini. Uduvi ndio ukausahau. Tena ukaja mikono mitupu, wapi? Lingayen."

"Ndiyo, bibi. Ni mimi mwenyewe. Asilaumiwe mtu mwingine."

Crispulo ndiye wa kwanza kushindwa. Alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa, kisha akaacha kujifanya. Ising akafuata. Bibi Severa hakucheka. Alishika nguzo ya ngazi, akainuka, akamwashiria Gonya kwa kidevu amfuate jikoni.

Mitungi ilikuwa imepangwa ukutani, mirefu kufika kiunoni. Bibi akafunua mmoja, akachota uduvi wa waridi kwenye bakuli. Gonya akanyoosha mkono kuupokea. Bibi akaupitisha kando, akampa Perlita, aliyekuwa amejibanza karibu na jiko, maana posa ikija msichana haketi na wageni.

"Kaanga wewe," alimwambia mjukuu wake. Kisha akasukuma kigoda kwa mguu kumwelekezea Gonya. "Na wewe, Mama Melecio, kaa."

Hapo ndipo Gonya alipoelewa anapimwa nini. Akakaa. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yakamfika kifuani, na mbele yake msichana wa watu akamenya vitunguu saumu taratibu mno. Moto ulikuwa mkubwa. Gonya aliuona ni mkubwa, vidole vikamwasha, akavikalia. Nyanya zilikatwa kubwa kubwa. Alimeza mate. Bibi Severa alikuwa hatazami kikaango hata kidogo. Alikuwa anatazama uso wa Gonya, huku anavuta sigara yake.

Perlita alipomimina uduvi, mvuke ukapanda, akageuka. "Mama, kwenu mnatia sukari?"

"Tunatia," alisema Gonya. "Kidogo."

"Kidogo cha Pampanga ni kikombe," alisema bibi.

"Basi nitatia ya vidole viwili," alisema Perlita. "Nusu ya kidogo chao."

Akatia. Wala hakumwangalia yeyote kuomba ruhusa, na hilo Gonya aliliona, likampendeza bila yeye kutaka. Akapunguza moto bila kuambiwa. Akakoroga mpaka mafuta yakajitenga pembeni, akachota kwa kijiko, akapuliza, akampelekea Gonya mpaka mdomoni.

Gonya alionja. Alionja tena, polepole, kwa ulimi wa mtu aliyefanya kazi hiyo tangu utotoni. Ulikuwa na ukali wa bahari ambao uduvi wa kwao haukuwa nao, na ile sukari ndogo ilikuwa imefika mwishoni kabisa, baada ya chumvi kuondoka.

"Sijala uduvi mzuri kama huu nje ya jiko langu," alisema.

Bibi Severa akainama mbele. "Na ndani ya jiko lako?"

Swali lilikuwa limekuja, lile lile lililomtoa Guagua. Gonya alimtazama Perlita, na mwiko mkononi mwake.

"Ndani ya jiko langu atakuja kuupika yeye. Mimi nitakaa kama nilivyokaa hapa." Halafu, kwa kuwa hakuwa mwongo, akaongeza, "Siku nyingine nitainuka. Anikalishe tena."

Sasa Bibi Severa alicheka, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi, ikambidi Perlita ampige mgongoni. Alipopata pumzi akasema wageni wanakufa kwa njaa huko mbele, na kibakuli kitoke.

Alikula sahani tatu za kare-kare, yule kijiti wa bibi. Alifyonza mfupa wa mkia hadi ukang'aa, akachovya, akaomba ua la mgomba lililobaki chini. Sahani ya kwanza alisema karanga zimesagwa vizuri. Ya pili aliila bila kuinua kichwa. Katika ya tatu alimwamuru Crispulo aitoe kalenda ukutani ailete, na Ising alipoona kalenda inakuja alianza kulia juu ya tambi.

Hapo yakaanza mabishano, nayo yalikuwa matamu kuliko flani. Bibi Severa alitaka harusi iwe mwezi wa tano, kwa sababu uduvi unaingia ghubani mwezi wa tatu, na hapeleki Guagua uduvi mchanga aje achekwe na watu wa sukari. Gonya alitaka mwezi wa nne, kabla joto halijachachua tui. Bibi akasema tui likichacha litiliwe sukari, si ndiyo dawa yenu. Gonya akasema afadhali sukari kuliko kunywa maji usiku kucha baada ya kula Lingayen. Walikuwa wamekaa bega kwa bega, wanasukumana na kidole kimoja juu ya kalenda, na bwana harusi na bibi harusi hawakuulizwa neno.

Ikawa mwezi wa tano, Jumamosi ya pili. Bibi akaitia alama kwa makaa ya sigara, karatasi ikatoboka.

Melecio alikuwa bado amesimama karibu na madumu yake ya maji. Kwa desturi mposaji hali mpaka apewe jibu, na tangu jana mchana hakuwa ametia kitu mdomoni kwa wasiwasi. Akauliza kwa adabu kama sasa anaweza kukaa. Sufuria lilichunguliwa, halikuwa na kitu. Perlita akatoka jikoni, kwa mara ya kwanza siku ile, na sahani aliyokuwa ameificha tangu mwanzo: wali, mkia wa ng'ombe vipande viwili, na uduvi umejaa pembeni.