Friji ya Leba

Mimi ni mkunga, na mdomo wangu hauna breki. Yeyote aliyefanya kazi nami Chaani atakwambia hilo bila hata kumuuliza. Kwa hiyo friji ya leba, chumba chetu cha kujifungulia, ilipotolewa, nilisema. Nilisema kwenye kikao, nikasema tena wakati wa chai, nikasema mpaka mfamasia wetu, kijana wa bara mwenye masihara mengi, akaniambia, "Sista, si uolewe na hiyo friji tujue moja."

Ilikuwa friji ndogo, nyeupe hapo zamani, imeliwa na kutu miguuni, na mlango wake haukufungika mpaka uusukume kwa goti. Ndani tuliweka dawa moja tu, sindano za kukaza kizazi, zile anazodungwa mama mtoto akishatoka ili damu isije ikammiminika. Dawa hiyo haitaki joto, na joto la Changamwe halina haja ya kuelezwa. Friji ilikaa nyuma ya kitanda cha kujifungulia. Mkono wako mmoja ukiwa juu ya tumbo la mama, wa pili uliifikia.

Sasa tukaambiwa wakaguzi wanakuja. Kwa asiyejua, ukaguzi wa ithibati ni watu wa nje wanaokuja kuipima hospitali yenu kuanzia choo hadi mafaili, na wakiridhika mnapata cheti. Bila cheti watu wa bima wanakukimbia. Mwenye hospitali alitusimamisha sote koridoni akasema bila kuzunguka: tukianguka, anaifunga leba. Nasi tulijua maana yake. Mama wa Chaani mwenye uchungu atatiwa ndani ya gari avuke daraja la Makupa kwenda hospitali za kisiwani Mombasa, na njia yenyewe imejaa malori ya makontena yasiyosogea. Wengine wangezalia barabarani, na wengine wasingefika.

Basi hofu ikatuingia. Matroni wetu, mama wa Kimombasa wa asili, mpole wa sauti lakini neno lake halirudi, alipelekwa semina akarudi mtu mwingine. Kila kitu kikapigwa rangi, na kila kitu kikabandikwa jina. Hata ndoo ya kupigia deki ilipewa jina, kana kwamba ikipotea itaitwa kwa jina. Ukipita koridoni anakusimamisha, "Moto ukizuka unakimbilia wapi?" Siku moja nilimjibu, "Kwetu, Mariakani." Hakucheka. Aliniangalia kwa huruma, akasema, "Mwanangu, wallahi hii si mchezo. Nimewatia watu wengi kazini hapa. Nikaone leba inafungwa nikiwa hai?"

Hapo nilimwelewa. Lakini friji hapana, hilo sikulielewa hata kidogo.

Alisema kutu haikubaliwi ndani ya chumba cha uzazi, na kuhusu kutu alikuwa na haki. Lakini hakukuwa na friji nyingine ya kuiweka pale. Iliyonunuliwa, mpya inayong'aa, yenye kipimajoto na kufuli, iliwekwa kwa mfamasia, ng'ambo ya koridoni, ili dawa zote za baridi zikae pamoja na wakaguzi wazione. Friji yetu kuukuu ikatupwa stoo nyuma ya viti vibovu. Kuanzia sasa, tukaambiwa, mama akikaribia kujifungua mtu aende kwa mfamasia apewe sindano moja, kwa sahihi. Moja kwa kila mama.

"Na akimwaga damu?" niliuliza.

"Mtarudi kuchukua nyingine."

"Matroni, damu haingoji sahihi."

"Basi, mwanangu. Tumekwisha sikia."

Yule niliyemwogopea hasa alikuwa muuza mbaazi wa langoni petu. Kila asubuhi alikaa pale na sufuria yake ya mbaazi za nazi na mahamri, na hakuna aliyeingia kazini bila kupitia kwake. Mumewe ni kibarua bandarini. Mimba ya kwanza alizalia kwetu, mikononi mwangu, na mtoto alipotoka damu ilimfuata hadi akaniambia, "Sista, mbona giza?" Friji ilikuwa hapo hapo. Nilidunga moja, nikadunga nyingine, akabaki. Tangu siku hiyo, kila akija kliniki lazima apitie leba aigonge gonge ile friji mgongoni. "Shikamoo, bibi," anaiambia, na wodi nzima inacheka. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na mwanamke aliyewahi kumwaga damu hivyo ana hatari ya kurudia. Hilo kila mkunga analijua. Nilikuwa nimempa neno langu kwamba nitamshika tena.

Wakaguzi walikuwa siku yao ya pili uchungu ulipomshika. Aliiacha sufuria kwa jirani, akaja kwa miguu yake, akishika ukuta ambao haujakauka vizuri, na kuacha kiganja chake kwenye rangi mpya. Alipoingia leba kitu cha kwanza akatazama nyuma ya kitanda.

"Bibi yuko wapi?"

"Amehamishwa. Panda kitandani."

"Amehamishwa na nani? Sista, mimi siku zote..."

"Panda, mama. Mimi nipo." Nilisema hivyo kwa sauti ya kumtuliza. Nilimtuma mwenzangu wa zamu kwa mfamasia, aombe sindano tatu, aeleze historia ya huyu mama. Alirudi na moja. Mfamasia alikuwa ameshikilia utaratibu, akasema wageni watakuja kuhesabu vilivyomo na karatasi lazima ilingane. Tena alikuwa anafunga mlango, kwani zamu yake ya kuhojiwa na wakaguzi imefika. Ufunguo akaondoka nao shingoni.

Niliishika ile sindano moja mkononi nikamwomba Mungu. Mimi si mtu wa kusali sana kazini, lakini siku hiyo nilisali.

Mtoto alikuja haraka, msichana, akalia papo hapo. Nilidunga dawa. Kondo la nyuma likatoka, zima. Kwa muda nilidhani tumevuka. Kisha nikasikia kile kisauti, matone juu ya saruji, mara yakaacha kuwa matone. Nikaweka mkono tumboni, kizazi laini kabisa, kimelegea. Nikakisugua. Mwenzangu akafungua dripu. Kikajikaza kidogo, kikalegea tena. Shuka ikajaa.

"Kimbia kwa mfamasia," nikamwambia mwenzangu. "Mwambie damu. Sema hivyo tu, damu."

Alikimbia. Nikabaki peke yangu na mama na mtoto analia pembeni. Mkono mmoja ndani, mmoja juu ya tumbo, nimekibana kizazi katikati kwa nguvu zangu zote. Mama akawa ananitazama. Midomo yake imekuwa rangi ya majivu.

"Ni kama ile siku?" akaniuliza.

"Si kama ile siku. Niangalie mimi."

"Sista, mwanangu wa kwanza yuko kwa jirani."

"Utamchukua mwenyewe. Niangalie."

Mwenzangu akarudi mikono mitupu, macho yamemtoka. Mfamasia yumo ndani ya chumba cha mikutano na wakaguzi. Matroni amesimama mlangoni, amemzuia kuingia. Alimwambia wanamaliza sasa hivi, angojee dakika mbili.

Ala! Dakika mbili!

Sijui kama nilitukana. Mwenzangu husema nilitukana kwa Kigiriama na kwa Kiswahili. Ninachokumbuka ni kwamba nilimvuta, nikamwonyesha mahali pa kubana, nikamwambia usiachie hata ukilia, nikatoka mbio. Koridoni walikuwa wamepiga sakafu deki ing'are kwa ajili ya wageni, na viatu vyangu vilikuwa na damu. Niliteleza nikajigonga goti, nikainuka. Watu wa kliniki walikuwa wamekaa kwenye benchi, nikasikia mmoja anasema, "Yesu wangu."

Matroni alikuwa mlangoni kweli, na sare yake nyeupe iliyopigwa pasi. Aliponiona vile nilivyo, akanyoosha mkono. Hakuwa na ubaya. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikilia kitu kizito kisimponyoke.

"Mwanangu, usiingie hivyo. Wamalize swali moja tu."

"Nipishe."

"Ukiingia hivyo leba imekwenda!"

"Anakufa, Matroni!"

Hapakuwa tena na cha msalie mtume. Nilipita chini ya mkono wake nikaupiga mlango teke, ukafunguka ukagonga ukuta. Ndani walikuwa wamekaa wakaguzi, mwenye hospitali, na mfamasia wetu katikati, na chai mezani. Sikumwamkia mtu. Nilimwendea mfamasia nikamshika ukanda wa ufunguo shingoni kwa glavu ile ile yenye damu. "Sindano za kizazi," nikasema. "Zote." Masihara yalimwisha pale pale. Aliruka meza badala ya kuizunguka, na mbio zake za kwenda kwenye ile friji mpya sikuwahi kuziona kwa mtu.

Nikageuka kurudi, nikasikia nyayo nyuma yangu. Mkaguzi mmoja, mwanamke wa makamo, alikuwa ameacha karatasi zake anatufuata. Kumbe naye alikuwa mkunga kabla ya hayo. Aliingia leba, akavua saa, akavaa glavu, akauliza swali moja tu, "Nishike wapi?" Akampokea mwenzangu.

Mfamasia akaleta. Nikadunga, nikatia nyingine kwenye dripu. Tukangoja. Hapo ndipo pagumu kuliko kote, kwa sababu huna la kufanya ila kubana na kungoja, na yule mama alikuwa ameacha kuniangalia. Nilimwita. Nikamwita tena, nikamwambia mbaazi zake zinaungua. Nikahisi kitu chini ya kiganja kinakusanyika, kigumu, kama embe bichi. Mkaguzi naye akakihisi. Tukatazamana. Damu ikapungua, ikawa matone, ikakatika.

"Zinaungua kweli?" akauliza mama, macho bado amefumba.

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia na mikono yangu michafu siwezi hata kujifuta, mpaka yule mkaguzi akanifuta uso kwa bega lake.

Halafu, akivua glavu, akaniuliza taratibu, "Dawa hii siku zote hukaa wapi?" Nikamwonyesha pale nyuma ya kitanda, ambapo rangi mpya ilikuwa haijafunika vizuri alama ya friji ukutani. Nikamweleza yote, friji, kutu, kufuli, dakika mbili. Sikuficha kitu na sikutia chumvi. Aliitikia tu. Baadaye sana cheti tulikipata, kwa sharti kwamba friji inayofaa iwekwe ndani ya leba, na leba haikufungwa. Lakini siku hiyo hatukulijua hilo. Siku hiyo kila mtu aliyepita aliniangalia kama mimi ndiye niliyeifunga.

Nilipotoka kwenda kunawa nikasikia mkwaruzo mrefu kutoka upande wa stoo. Ni Matroni. Alikuwa amekunja mikono ya sare, anaiburura ile friji peke yake, kutu imempaka kifuani. Aliponiona hakuniangalia usoni.

"Shika huko," akasema.

Nikashika. Tukaisukuma, na ile miguu mibovu ikachora sakafu mpya kutoka stoo hadi leba. Mwenye hospitali alitoka kwenye chumba cha mikutano amekunja uso. "Matroni! Wageni wangali humu!"

"Na wawemo," akasema Matroni, hakusimama.

Tukaiingiza. Tukairudisha nyuma ya kitanda, juu ya alama yake. Mama alikuwa amelala, mtoto kifuani, na kifua chake kinapanda na kushuka. Matroni alisimama miguuni pa kitanda akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamshika wayo, akamfunika.

"Nilikwambia," nikasema. Wenzangu wananiambia mpaka leo ningenyamaza. Sikuweza.

"Uliniambia."

Kisha akauliza, bila kugeuka, kwa sauti ndogo kabisa, "Zile dakika mbili nilizosema. Huyu angekuwa nazo?"

Nilifikiria kumdanganya. Ni mtu mzima, amenifunza kazi, na nilimwona mabega yalivyoshuka.

"Asingekuwa nazo, Matroni."

Akaitikia kwa kichwa, akainama, akachomeka waya wa friji.