Samli ya Mama Hadija

“Shilingi mbili! Na uzitoe leo hii!”

Baba mdogo alisimama katikati ya uwanja wetu pale Ilongero, kidole chake nusura kimwingie jichoni Mama Hadija, mjane jirani yetu. Nilipokuwa mtoto, enzi za Mwingereza, shilingi mbili hazikuokotwa njiani, na yule mama alilima peke yake.

Kosa lake? Jana yake alimwona mtetea wangu akasema, “Huyu kanona, atataga vizuri.” Hakutema mate. Kwetu ukisifu mfugo wa mwenzio bila kutema mate kidogo, umemfunga. Na kweli, asubuhi ile mtetea alikuwa amechutama, mkia chini, anajikamua, yai halitoki.

“Ugomvi wako nitaurudia, Baba Issa,” Mama Hadija alimjibu Baba mdogo. “Kwanza tumwokoe kuku huyu, atakufa. Mwanangu, lete maji ya vuguvugu.”

Nikaleta. Akamkalisha kuku majini, akampaka samli pale pa kutokea yai, akamkanda tumbo polepole huku akimbembeleza kama mzazi. Mimi nilishika mabawa. Mara yai likadondoka kiganjani mwangu, la moto, lina damu kidogo.

Nikashangilia. Baba mdogo naye akashangilia kwa lake: “Mmeona? Aliyefunga ndiye anayejua kufungua!”

Na watu wazima waliojaa uwanjani, wenye ndevu zao, wakaitikia, “Kweli kabisa!”

Hata leo damu yanichemka. Angemwacha kuku afe, mchawi. Kamponya, mchawi vilevile. Sasa mtu wa namna hiyo afanye nini? Mama Hadija alinitazama. Mimi ndiye niliyeona maji, samli na mikono yake, hakuna kingine. Nikanyamaza, maana mtoto hasemi mbele ya wakubwa. Heshima gani hiyo! Akaenda kwake, akarudi na shilingi mbili kwenye pindo la kanga.

Mtetea alitotoa vifaranga tisa. Watatu aliwala Baba mdogo.

Sasa ni mzee, anakaa Mtinko, na kila sikukuu anakisimulia kisa kile akicheka mpaka anakohoa. Shikamoo yake nampa, sijawahi kumpunguzia. Mate nayo sibishani nayo. Hata mimi nikisifu ndama wa mtu hutema. Lakini samli ni samli, na dhuluma ni dhuluma.

Baba mdogo, Hadija yupo, na nyumba yake unaijua. Mpelekee shilingi mbili za mama yake.