Fundi Anayezipigia Taa Hodi

Fundi wetu wa Bwera hafuti kifaa kabla hajakigusa. Taa zangu huwashwa kwa simu; moja ikiacha kuitikia, mafundi wengine wa Kasese huifuta kwenye mtandao wa nyumba wakiwa wameketi. Yeye huvua viatu, akaifuata hadi chumbani, akaigonga kwa ukucha mrefu wa kidole gumba kama anayepiga hodi. Leo nilimwambia aifute taa ya marehemu mume wangu, maana imekufa tangu mazishi. Aliingia, akapapasa nyuma ya pazia, akabonyeza swichi ya ukutani. Kitanda kikajaa mwanga.

“Mama, hii iko muzima. Mutu alizima tu ku ukuta.”

Mtu huyo ni mimi, asubuhi ya mazishi. Nikamshukuru fundi, na taa nikaiacha iwake.