Siku Darasa Liliponijaribu

Marafiki, leo wanafunzi wangu wamenifundisha somo langu mwenyewe.

Mnajua nafundisha saikolojia chuo cha ualimu hapa Nyeri. Wiki hii tuko kwa nadharia ya tuzo: mtu hurudia kile kinachomletea sifa.

Mwisho wa kipindi Wambui, kiongozi wa darasa, akasimama akicheka.

"Mwalimu, tumekujaribu! Ukikaribia dirisha, sote tunaandika na kuitikia kwa kichwa. Ukienda kwingine, tunapiga miayo. Umefundisha saa nzima ukiwa dirishani!"

Nilicheka mpaka machozi. Kweli, nilikuwa bado nimeliegemea.

"Na wiki jana tulijaribu maneno. Ukiisema serikali vibaya, tunaandika. Si uliisema mpaka kengele ikalia!"

Ati nini? Kicheko kikanikauka mdomoni.

"Nani alileta wazo hilo?"

Wambui akajibu kwa mshangao.

"Yule mwanafunzi mgeni aliyetoka Nanyuki. Si ndiye aliyekusanya daftari zetu wiki jana akuletee usahihishe?"

Sijaona daftari hata moja.

Nimepekua rejista. Jina lake halimo.

Sasa mkuu wa chuo ameniita Jumatatu asubuhi, nieleze niliyoyasema darasani kuhusu serikali. Nyinyi mngemwambia nini?