Swali la Tisa

Mama mmoja, dobi wa hospitali, wenzake walimwita Kimya kwa sababu moja tu: akishinda pointi katika mpira wa meza, hapigi kelele. Huokota mpira, humshukuru Mungu kimoyomoyo, huanzisha tena. Miaka kumi na miwili amecheza hivyo katika ukumbi wa wafanyakazi, na muda wa chakula ukimkuta peke yake, huupigisha mpira kwenye ukuta wa chumba cha pasi mpaka upite pale alipotaka. Usipopita, harudi nyumbani na moyo mweupe.

Mwaka huu nafasi ya mwanamke katika timu ya kwenda mashindano baina ya hospitali ilikuwa moja. Kimya alicheza mechi saba za mchujo, akashinda saba. Mwenzake wa mapokezi, ambaye kwa kuongea kwake wamempa jina la Redio, alishinda nne.

Basi afisa michezo, kijana aliyetoka semina juzi, akawapa karatasi ya maswali thelathini ya kupima hamu ya mafanikio. Kimya akaijaza kwa ukweli, kama anayejibu mbele ya Mungu. Akapata kumi na moja. Redio, aliyeuliza mapema majibu yanayotakiwa, akapata ishirini na nane. Ubaoni likabandikwa jina la Redio.

Kimya aliisoma ile orodha mara mbili, mikono ikinuka sabuni. Alimwomba Mungu aushike ulimi wake, kisha akapanda ngazi hadi ofisini.

Afisa akamkaribisha kiti, akamweleza kwa upole kwamba karatasi imeonyesha hana njaa ya ushindi.

"Mwanangu," Kimya akasema, "swali la tisa linauliza kama nafurahi mpinzani wangu akiumia moyo. Nimeandika hapana. Ulitaka niandike ndiyo?"

"Mama, ni kipimo tu. Wataalamu ndio wamekitunga."

"Na zile mechi saba zilipima nini?"

Afisa akamsogezea karatasi nyingine, akamnong'oneza kwamba akibadilisha majibu kumi na nane tu, mambo yatanyooka. Kimya akaitazama ile kalamu kama mtu aliyetegewa mtego. Hakuigusa. Hivi kweli, mtu aseme uongo ili aonekane ana bidii?

Kesho yake Redio akashuka dobini, macho chini, na raketi kwapani.

"Dada, nisaidie. Nitaenda kuaibika kule, na mdomo huu wote."

Kimya alitaka kumfukuza. Akamtazama, akakumbuka kwamba huyu hakutunga maswali.

"Nitakufundisha," akasema. "Ila kila tukimaliza, matokeo unampelekea afisa wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Siku ya kwanza, kule ukumbini, Kimya alishinda seti tatu bila kupoteza. Redio akaandika matokeo kwenye kikaratasi, akapanda ngazi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Redio alipata seti moja, akashangilia mpaka wapishi wakachungulia, kisha akalala nne zilizofuata. Vikaratasi vikawa vinapanda tu. Mapokezi wakaanza kumuuliza Redio kama siku hizi amekuwa tarishi.

Siku ya sita afisa akashuka mwenyewe. Alisimama mlangoni na faili lake. Kimya hakumsalimu, alikuwa katikati ya seti, na salamu ingeweza kungoja. Akamaliza kumi na moja kwa tano, akaokota mpira, akaufuta kwa pindo la aproni.

Afisa akafungua faili, akakata jina la Redio, akaandika la Kimya. Redio akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hongera, Mama," afisa akasema, akingoja kushukuriwa.

"Swali la tisa lile," Kimya akamjibu, "lifute kabla hujawapa wengine."

Akampa mgongo, akarudi kwenye mashuka yake.